Mkoromo wa Upande wa Pili

Kila aliyewahi kusaga nafaka kwenye mashine ile alijua mambo mawili: kwamba unga wake hautoki na mchanga, na kwamba mwenye mashine anakoroma. La pili halikuwa siri hata kidogo. Mzee Nyundo, kama wateja walivyomwita kwa sababu ya vile vyuma vinavyopiga nafaka ndani ya mashine, akijinyoosha kidogo tu kwenye benchi mchana, foleni nzima ilianza kucheka. "Injini imezimwa, lakini bado inasaga!" Na binti yake wa mwisho, ambaye mtaa mzima ulimwita Kitinda, alikuwa amerithi. Dada yake mkubwa, aliyelala naye kitanda kimoja hadi siku ya kuolewa, aliapa kwamba mdogo wake anakoroma vilevile kama baba yao, ila yeye humalizia na kamluzi.

Mama yao alishafariki, dada mkubwa alikuwa kwa mumewe mji mwingine, kwa hiyo nyumbani walibaki wawili, baba na binti. Chumba cha mashine kilikuwa mbele, kinatazama barabara. Nyuma yake palikuwa na sebule ndogo, kisha vyumba viwili vilivyopakana, cha baba na cha Kitinda. Ukuta wa katikati haukufika juu. Fundi aliyejenga aliishiwa matofali, akasema, "Msijali, dari itaficha," na dari ikaficha kweli. Lakini ukuta mfupi hauzuii sauti. Kikohozi cha chumba kile kilipanda, kikapita juu ya ukuta, kikashukia chumba hiki kama kimetoka darini. Walishazoea. Hata wakiwa vitandani waliweza kuongea.

"Kitinda, umefunga mlango wa mbele?"

"Nimefunga, baba."

"Na kufuli?"

"Na kufuli, baba. Lala."

Baba macho yalikuwa yameingia ukungu, yote mawili, na alikuwa amemwachia Kitinda mashine. Alimwachia kwa mdomo. Miguu haikuacha. Kila asubuhi alipapasa ukuta mpaka chumba cha mbele, akaweka kiganja kwenye ubavu wa mashine, akasikiliza kwa mkono, maana masikio nayo yalikuwa yameshaliwa na miaka ya kelele, yakamfaa penye kimya tu. "Mkanda unateleza," alisema, na kweli ulikuwa unateleza. Kitinda alipenda asubuhi hizo, ingawa hakuwahi kusema.

Kisha ikaja siku ya ulezi.

Foleni ilikuwa imefika barabarani. Kitinda alikuwa amejaa unga mpaka kwenye kope, jasho linachora njia usoni, na mahindi ya mteja mmoja yalikuwa bado hayajaisha ndani ya mashine. Baba, akitaka kusaidia, akainua ndoo iliyokuwa karibu na mguu wake, akaimimina yote. Ndoo ile ilikuwa ya ulezi, wa mama mmoja aliyekuja na mtoto mgongoni, ameuosha, ameuanika, ameuchambua punje kwa punje kwa ajili ya uji wa huyo mtoto. Ukatoka unga wa rangi ya vumbi, si mahindi wala si ulezi. Yule mama akapiga makofi ya masikitiko. Mwenye mahindi naye akaanza kulalamika kivyake.

"Nilidhani ni mahindi yaleyale," baba akasema.

Sasa, kwenye mashine ya kusaga kila kinachobebwa na mteja huitwa mzigo. Debe ni mzigo, gunia ni mzigo, hata kikapu cha bibi kizee ni mzigo. Kutwa nzima Kitinda hupaza sauti juu ya injini: "Mzigo wa nani huu? Sogeza mzigo wako! Mzigo wako tayari!" Na alikuwa mtu wa utani, wateja walimpenda kwa utani wake. Kwa hiyo neno lilipomjia lilikuja limeshanolewa.

"Baba, humu ndani kuna mizigo ya kutosha. Usiniongezee mwingine."

Foleni ikaangua kicheko. Hata yule mama wa ulezi alicheka. Na Kitinda mwenyewe, hili ndilo lililomuuma baadaye kuliko yote, alihisi pembe ya mdomo wake ikipanda, kama ya mtu aliyesema jambo likakolea.

Baba hakuona tabasamu lile. Kicheko alikisikia. Aliiweka ndoo chini polepole, akatafuta ukuta kwa mkono, akaingia ndani. Mkono wake uliacha alama ya unga ukutani mpaka mlangoni.

Mchana huo jirani yao, mwanamke mshonaji aliyeweka cherehani barazani na kuitwa Redio kwa sababu alianza asubuhi na hakuzimika, alipita kwa Kitinda akijifanya anatafuta chenji.

"Mzee kaniomba nimpigie simu dada yako," akasema. "Kasema aje amchukue Jumamosi, akakae huko. Nakwambia wewe kwa sababu mimi sipendi kubeba maneno ya watu."

"Kasema kwa nini?"

"Kasema anataka kubadilisha hewa. Lakini uso wake haukuwa wa hewa."

Kitinda akaendelea kufagia unga uliomwagika. Alifagia palepale mpaka Redio akamwambia saruji itaisha.

"Nenda ukamwambie samahani. Maneno mawili tu: samahani baba, usiende. Hayo nayo yanahitaji foleni?"

"Nitamwambia jioni. Mashine ikizimwa."

Na alikusudia. Jioni alizima injini, akapika, akampelekea baba chakula chumbani, maana hakutoka kuja sebuleni. Kila jioni walikuwa wakikaa pale wawili na redio kati yao, taarifa ya habari, kisha muziki, kisha baba kuibishia taarifa ya habari. Jioni hiyo redio haikuwashwa na mtu. Baba alipokea sahani, akasema, "Asante." Kitinda akasimama mlangoni. Maneno yalikuwa yamefika kooni, lakini baba alikuwa ameshainama kwenye sahani, na uso wake ulikuwa umefungwa kama duka.

"Nitarudi kuchukua vyombo," akasema, akaondoka. Alijiambia atayasema akirudi.

Alirudi baada ya kuosha sufuria, miguu mitupu, giza limeshaingia. Alipokaribia mlango akasikia. Khrrrrrrsss. Mkoromo mrefu, unapanda, unakwaruza, unakatika. Kimya kidogo. Khrrrrrrsss. Sauti ilitoka palepale sauti za baba zinapotoka siku zote, juu ya ukuta.

Amelala. Mapema hivi! Lakini alikuwa na siku ngumu, mzee wa watu. Kumwamsha usingizini umwombe msamaha si ni kumwongezea adha? Kesho. Akarudi chumbani kwake, na ukweli ni kwamba alikuwa kama mtu aliyeahirishiwa kesi.

Kesho yake ikawa vilevile. Alikuta sahani imewekwa nje ya mlango wa baba, tupu, kijiko juu yake. Alipoinama kuiokota kijiko kikaanguka kikalia sakafuni, na mkoromo ukakatika ghafla. Kitinda akabana pumzi. Ndani kukawa kimya, kimya cha mtu aliyeamka na anasikiliza. Akangoja aitwe. Hata "nani huyo?" tu ingetosha. Hakuitwa. Basi anajua ni mimi, akawaza, na hataki. Akaondoka kwa vidole vya miguu. Alipofika jikoni, mkoromo ukaanza tena.

Mchana haikuwezekana kusema lolote. Mashine ikiwaka watu huzungumza kwa mikono, na msamaha hauna ishara ya mkono. Ikizimwa kidogo, wapo wateja. Baba alihamishia kiti chake uani, akakaa ameligeuzia jua uso. Kitinda alipita na ndoo ya maji.

"Umeamkaje, baba?"

"Salama."

"Umelala vizuri?"

"Nimelala kama wewe."

Aliona ni jibu jema, jibu la mtu anayeanza kulainika. Akaliweka moyoni kama akiba.

"Umesema naye?" Redio akamuuliza kutoka kwenye cherehani.

"Nikienda nakuta amelala."

"Mwamshe! Kwani yai huyo, atavunjika?"

"Mtu mzima ukimkatiza usingizi..."

"Haya. Dada yako akija na gari utamwambia na yeye azime injini, mzee amelala."

Ijumaa jioni Kitinda aliamua kumwamsha. Aliamua kweli. Lakini kwanza akaenda kuoga, kwa sababu hakutaka kwenda kumwomba baba yake msamaha akiwa bado na unga wa siku nzima kichwani, unga uleule uliowagombanisha. Bafu lilikuwa uani, nyuma ya jiko. Alijimwagia maji kopo baada ya kopo, huku anapanga maneno. Baba, nilikosa. Hapana: baba, nilisema vibaya mbele za watu. Hapana: baba, bila wewe ile mashine ni bati tu. Hili la mwisho lilimpendeza. Akakaa humo mpaka ndoo ikakauka.

Aliporudi, mkoromo ulikuwa mkubwa kuliko siku zote. Ulikuwa na namna ya kujijibu wenyewe, mmoja mnene, mwingine mwembamba nyuma yake, na mwishoni kitu kama mluzi. Kifua kinambana, akawaza. Aliweka kiganja kwenye mlango. Ubao ulikuwa baridi. Akawaza safari ya kesho, barabara ile mbovu, mzee wa macho yale kwenye gari saa kadhaa. Mtu wa safari aachwe alale. Asubuhi nitawahi kuamka, nitampikia chai, nitamwambia akiwa na kikombe mkononi.

Asubuhi dada mkubwa aliwahi kuliko chai. Gari la kukodi lilipiga honi jua halijashika mabati, na dada akashuka akiwa ameshaanza kuongea tangu ndani.

"Niliwaambia nakuja mapema, mkadhani natania! Baba yuko wapi? Begi liko wapi? Mdogo wangu, mbona umekonda, huo unga unasaga wa watu tu, wewe huli? Baba! Shikamoo baba! Chumba chako tayari, na kitanda kipya, mkwe wako kakibeba kichwani mwenyewe, hukuwahi kuona kichekesho kama kile!"

Baba alikuwa ameshavaa. Alikuwa amekaa kitandani, begi mapajani, mikono juu ya begi. Nje wateja wa Jumamosi walikuwa wameanza kupanga ndoo zao. Kitinda akasimama katikati ya mlango wa chumba, akamtazama baba yake, na baba akageuza uso wake upande ule, macho ya ukungu yakimtafuta. Kama kulikuwa na wakati, ulikuwa huo.

"Haya mwanangu," baba akasema. "Kwaheri."

"Safari njema, baba."

"Nyie!" dada akacheka. "Mbona mnaagana kama watu waliokutana benki?"

Wakipita chumba cha mbele baba akasimama, akanyoosha mkono mpaka ukaikuta mashine, akaipapasa. "Mkanda umelegea," akasema. "Ukaze kabla hujawasha."

"Sawa, baba."

Gari likaondoka. Kitinda akaukaza mkanda, akawasha, na kutwa nzima hakutania mtu.

Jioni, giza lilipoanza kuingia, alikaa sebuleni peke yake bila kuwasha taa. Alikuwa anakwangua ukoko wa sufuria kwa kijiko, hata njaa hana. Ndipo juu ya ukuta, kutoka chumba cha baba yake, ikaja sauti.

Khrrrrrrsss.

Kijiko kikasimama. Khrrrrrrsss. Wazo la kwanza lilikuwa furaha: amerudi! Ameshuka njiani, amekataa kwenda, ameingia kwa mlango wa nyuma akajilaza! Aliruka, akausukuma mlango ule aliokuwa ameshindwa kuugonga wiki nzima, akaufungua mpaka ukagonga ukuta.

Godoro lilikuwa limekunjwa. Kamba ya kutundikia nguo ilikuwa tupu. Na juu ya chumba kitupu mkoromo ukanyamaza, ukangoja kidogo, ukaendelea.

Kitinda alipomwita, Redio alikuja na tochi akiwa amefungua mdomo tayari kupiga kelele, lakini alipousikia akaukunja uso.

"Kama ni mzimu," akanong'ona, "basi ni mzimu uliochoka sana."

Kitinda aliburuta meza, akapanda, akasukuma ubao mmoja wa dari uliokuwa umeachia misumari. Harufu kali ya mkojo na manyoya ikamshukia usoni. Akaingiza tochi, kisha kichwa. Mbele yake, kwenye kona ya paa, karibu na tundu ambalo zamani lilipitisha bomba la moshi la injini ya kwanza, zilisimama sura nyeupe, zimepangana kwa kimo kama ndugu kwenye picha. Sura bapa, kila moja kama tofaa lililokatwa katikati, na macho meusi yasiyopepesa. Walikuwa wanayumba kushoto na kulia kwa pamoja. Mkubwa kuliko wote alikuwa ameanza kuota manyoya ya dhahabu mgongoni, mdogo alikuwa pamba tupu. Mkubwa akafungua mdomo.

Khrrrrrrsss.

"Bundi," Kitinda akasema.

"Bundi! Kwenye nyumba! Shuka, nichemshe maji niwamwagie. Hujui bundi akilia juu ya paa?"

"Hawajalia. Wamekoroma."

"Ndiko kulia kwao huko! Kila kiumbe na kilio chake. Wana njaa hao, wanaita wazazi."

Kitu kilipita karibu na tundu, kikubwa, cheupe, bila sauti hata ya bawa, na ghafla alikuwepo mwingine pale, mtu mzima, panya mdomoni. Mikoromo yote ikapanda kwa pamoja, kama injini inapotiwa mafuta, kisha panya akatolewa, na kukawa kimya. Mzazi alimtazama yule mwanamke aliyetoa kichwa sakafuni mwa nyumba yake, akatoa ukelele mmoja wa kukwaruza kama bati linalopasuliwa, akatoweka. Redio naye alitoweka, kwa njia ya mlango.

Maji ya moto Kitinda alimkatalia. Jioni zilizofuata alikaa juu ya meza ile, tochi kaifunika kitambaa, anawatazama. Alikuwa mtu wa kutazama tangu utotoni, na sasa hakuwa na mtu mwingine wa kumtazama. Akajifunza kwamba wanaanza giza linapoingia, wakati watu wa mashine wanapooga na kula. Akajifunza kwamba wakisikia kishindo, hata cha kijiko tu, wote hunyamaza kwa pamoja wanasikiliza, na kishindo kikipita huanza upya. Mara moja alimwona yule mkubwa, aliyekuwa ameshakula, akishika kipande cha panya kwa mdomo na kumpa mdogo kuliko wote, aliyekuwa ameita mpaka sauti imemkauka. Kumbe walikuwa wanapeana zamu. Mwenye njaa zaidi ndiye aliyeita zaidi, na wenzake wakampisha.

Sauti aliyoiita usingizi ilikuwa njaa. Kila jioni aliyosema "amelala," nyuma ya mlango ule baba yake alikuwa macho.

Simu haikufaa. Baba kwenye simu hakuwa akisikia, alipiga kelele tu, "Haloo! Nani? Haloo!" mpaka aliyempigia akakata tamaa. Na dada angetaka kujua kila neno. Kwa hiyo Kitinda akaandika kwa mkaa kwenye mlango wa mashine, LEO HATUSAGI, akapanda basi.

Alimkuta barazani kwa dada, amekaa kwenye kiti cha mbao, sinia la maharagwe mapajani, anachagua kwa vidole. Mawe alikuwa anayaweka kwenye kifuniko cha sufuria pembeni.

"Hodi."

"Karibu, mgeni."

"Shikamoo, baba. Ni mimi."

Vidole vikasimama. "Kitinda? Marahaba. Na mashine nani anaendesha?"

"Nimefunga."

"Umefunga! Kuna msiba?"

"Hakuna msiba, baba. Kuna bundi."

Alikuwa ameyafanyia mazoezi ndani ya basi, akayasema haraka, mdomo karibu kabisa na sikio lake, na kicheko kidogo ndani yake. Dari, tundu la bomba la zamani, watoto wa bundi waliopangana kama ndugu. Wanavyokoroma kama mtu mzima kabisa. Alivyokuwa anakuja mlangoni kila jioni akisikia amelala, akarudi.

Baba alisikiliza mpaka mwisho.

"Wewe ulidhani ni mimi," akasema.

"Ndiyo, baba."

"Mimi nilidhani ni wewe. Una kamluzi mwishoni." Akacheka kidogo puani, na kicheko hakikufika mbali. "Kila jioni, giza likiingia tu, huyo, anakoroma. Nikasema, mtoto huyu moyo wake mweupe kweli. Mimi silali, yeye analala."

Nimelala kama wewe. Kitinda akalisikia upya lile jibu, akatamani kuziba masikio.

"Ijumaa nilikuja kwako," baba akaendelea. "Nilijikaza nikatoka. Nikausikia mkoromo, nikasema leo namwamsha. Nikagonga. Mkoromo ukakatika palepale. Nikangoja. Nikagonga tena, kidogo. Kimya. Nikasema basi, ameamka, amesikia, hataki."

"Nilikuwa bafuni, baba."

"Ulikuwa bafuni," baba akarudia, polepole, kama mtu anayepima kitu mkononi. "Nisingeweza kusikia maji, kwa masikio haya."

"Ulikuja kuniambia nini?"

Baba aliokota jiwe, akalipeleka kwenye kifuniko.

"Kuhusu ulezi wa yule mama. Kwamba nilikosa. Na kwamba kama hutaki niingie kwenye mashine, siingii, nitakaa uani. Sikutaka kuondoka, mwanangu. Nilimwita dada yako kwa hasira, na hasira yenyewe ilikwisha siku ileile."

Kitinda akapiga magoti pale barazani, akaushika mkono wake wenye vumbi la maharagwe. "Basi turudi. Nimekuja kukuchukua. Ni bundi tu waliotuharibia, baba, ni ndege tu!"

Ndani vyombo viligongana, na sauti ya dada ikasikika ikimkaripia mtu, kisha ikaimba. Baba aligeuza kichwa kuelekea sauti ile, akaishusha sauti yake.

"Bundi walikoroma," akasema. "Neno la mzigo hawakulisema wao."

Ni kweli kwamba njia nzima ndani ya basi Kitinda alikuwa amewatanguliza bundi mbele yake kama ngao. Yale maneno mawili ambayo Redio alisema hayahitaji foleni, mpaka dakika hii alikuwa bado hajayasema.

"Nisamehe, baba."

"Nilishakusamehe kabla hujazima injini siku ile. Nilikuwa nangoja kulisikia tu." Akampapasa kichwa, akakuta unga kwenye nywele, akausugua kati ya vidole. "Lakini kurudi, sirudi. Tazama. Dada yako amewahamishia watoto sebuleni, wanalala chini, ili mimi nipate chumba. Mkwe amenunua kitanda. Wamenitafutia daktari wa macho. Na mimi nilimwambia, nimekuja kwako kwa sababu nimekukumbuka. Alilia kwa furaha, dada yako, yule unayemjua halii. Sasa nimwambie nilikuja kwake kwa makosa ya ndege? Kwamba alikuwa pa kukimbilia tu?"

"Hapana, baba."

"Basi haya ni ya kwetu wawili."

Dada akatokea mlangoni akifuta mikono. Alipomwona mdogo wake akapiga ukelele, akamkumbatia mpaka kitenge kikamlegea.

"Mbona hukusema unakuja, ningepika kitu cha maana! Na mnanong'ona nini hapa?"

"Mambo ya mashine," baba akasema.

"Mashine, mashine! Huku nimemkataza habari za mashine. Mtazame anavyonawiri, mdogo wangu. Tangu aje analala kama mtoto. Si unaona?"

"Naona, dada," Kitinda akasema. "Amenawiri kweli."

Dada akarudi ndani kuongeza moto, huku akiita watoto waje kumsalimia mama yao mdogo. Kitinda akavuta kigoda, akakaa karibu na sinia, akaanza kuchagua maharagwe upande wake. Walifanya kazi hivyo kwa muda, baba kwa vidole, yeye kwa macho, mawe yakilia kwenye kifuniko. Kisha baba akamgeuzia uso, kwa upole na adabu, kama mwenye nyumba kwa aliyemtembelea.

"Utalala," akamuuliza, "au unarudi leo leo?"

"Narudi, baba," akasema, na kwa kisigino akausukuma chini ya kiti, dada asije akauona, ule mfuko mkubwa mtupu aliokuja nao wa kubebea nguo za baba.